Ahadi umeitoa wewe, hela ni za nani?

Dada mmoja wa Nkuhungu, Dodoma, ameniandikia kwamba mume wake anamnyima Mungu. Kwenye harambee ya kupaua kanisa dada aliahidi laki tano, mume kagoma kulipa, wazee wa kanisa wanapiga simu, na sasa hata ibadani anaona aibu kwenda.

Pole mdogo wangu, kudaiwa ahadi kunauma. Ila barua yako nimeirudia na huyo mwanaume mgumu sijamuona humo. Nimemuona mwanaume aliyeuza zabibu akaweka hela pembeni ampeleke mama yake hospitali ya Mvumi akatolewe mtoto wa jicho. Hizo ndo hela ulizoziahidi, tena hukumuuliza. Halafu umenitajia mwenyewe kwamba mama wa kwaya alitangulia kusema laki tatu, ndo ukasimama wewe. Mbona umenitajia? Unajua kilichokusimamisha.

Fungua Marko 7. Yesu aliwakemea Mafarisayo kwa jambo hili hili, mtu anamwambia mzazi wake kile ambacho ningekusaidia nacho ni Korbani, nimeshampa Mungu, na mzazi anabaki hana kitu. Kwa hiyo hapo mume wako ndo kalishika neno, sio wewe. Na Paulo alipowachangisha Wakorintho kwa ajili ya watakatifu maskini wa Yerusalemu aliwaambia kila mtu atoe alivyokusudia moyoni mwake, si kwa kulazimishwa, na kwamba sadaka inakubaliwa kwa kile mtu alicho nacho. Alicho nacho yeye, mdogo wangu, sio kilicho kwenye mfuko wa mwenzake! Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Ndoa za siku hizi ndo zilivyo, hela ya baba ni ya familia nzima, hela ya mama ni siri ya mama. Umesema una saluni na unacheza kikoba, mbona kwenye ahadi, hela ya kikoba haikutajwa hata mia? Wanawake tunapenda kuitwa watoaji huku anayekamuliwa ni mwingine, na akikataa tunamwita hana hofu ya Mungu.

Lakini kilichoniumiza zaidi ni ule mstari wako wa katikati. Mama mkwe alikuja toka Bahi na kiroba cha karanga na jogoo, ukaandika "vitu vya kijijini tu". Umesema karanga zilikuwa zimeshabanguliwa. Mama haoni vizuri, maana yake kakaa chini akazibangua kwa kupapasa, moja moja, mpaka kiroba kikajaa, na mvua za huku kwetu unazijua, mwaka huu unavuna mwakani huvuni, angeweza kuziuza. Asante hukumpa. Wakoma kumi waliponywa akarudi mmoja kushukuru, Yesu akauliza wale tisa wako wapi, na mimi nakuuliza wewe ulikuwa wapi.

Fanya hivi. Muombe mume wako msamaha leo, usianze na lakini. Nenda kwa mchungaji mwambie uliahidi kisicho chako, na kwamba utalipa kidogo kidogo kwa hela ya saluni, hata ikichukua mwaka. Na siku ya Mvumi funga saluni uende nao, umshike mama mkono kwenye foleni, na asante ya karanga umwambie kabla hajaingia kwa daktari.