Maswali na majibu: Siku nzima kwa pikipiki, peke yako, kwenye barabara za vumbi

Kila mvua zinapokatika na vumbi la Dodoma likaanza kupanda, maswali ya pikipiki huongezeka mezani kwangu. Safari hii nimechagua ya wasomaji wanaotaka kutoka nje ya lami wakiwa peke yao na kurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Nina pikipiki ya kawaida ya cc 150, kama zile za bodaboda. Je, inaweza kuzunguka kutoka Dodoma kupitia Kongwa, Mpwapwa, Gulwe na Kibakwe, kisha kutokea Chipogolo, kwa siku moja? (Msomaji wa Nkuhungu)

Inaweza, kwa sababu pikipiki za aina hiyo ndizo zinazobeba magunia na wagonjwa katika vijiji hivyo kila siku. Mzunguko huo unazidi kilomita 250, na ingawa mwanzo wake ni lami na ukifika Chipogolo unaingia tena kwenye lami ya barabara ya Iringa, siku yako italiwa katikati, baada ya Mpwapwa. Huko usihesabu kilomita, hesabu saa: ukiweka wastani wa kilomita 25 hadi 30 kwa saa, pamoja na kusimama, hutajidanganya. Jaza tangi Mpwapwa hata kama bado lina nusu. Ukilazimika kununua petroli ya chupa kijijini, iache chupa itulie kwa dakika chache kabla ya kumimina, kwa maana maji yakiwemo yatajitenga na kukaa chini, nawe utayaona.

Nikiingia kwenye mchanga wa korongo gurudumu la mbele linacheza na ninaanguka. Nakosea wapi? (Msomaji wa Mvumi Mission)

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na karibu kila anayeliuliza hufanya kosa lilelile: anaogopa, anapunguza mafuta, uzito wote unaelemea mbele, gurudumu linajichimbia na usukani unageuka wenyewe. Kabla hujaingia, weka gia ya pili, simama juu ya vikanyagio magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, rudisha makalio nyuma, kisha uvute mafuta kwa kiasi kilekile bila kukatiza mpaka utoke ng'ambo. Tazama unakokwenda na si gurudumu lako, na uulegeze mkono uuache usukani uyumbe kidogo, kwa sababu anayepambana nao ndiye anayeangushwa. Breki ya mbele isahau kabisa.

Upepo wa tairi nao husaidia ukipunguzwa, lakini kwa kiasi. Tairi zetu zina tyubu, na upepo ukipungua mno tairi huzunguka juu ya rimu na kuivuta tyubu hadi mdomo wake ukang'oka, jambo ambalo halizibiki kwa kiraka. Mimi sishuki chini ya psi 18 (kipimo cha upepo wa tairi), na nikishavuka najaza tena kwa pampu ya mkono.

Mwaka mmoja niliangukia katika korongo karibu na Gulwe, katika mchanga mweupe uliokuwa laini kama unga wa sembe, na mkono wa klachi ukakatika kama kijiti. Tangu hapo skrubu za mikono yote miwili nazikaza kwa wastani tu, ili pikipiki ikilala mkono uzunguke kwenye usukani badala ya kuvunjika. Siku hiyohiyo nilijifunza pia kuinua pikipiki ya kilo 120 hivi bila msaada: unazima injini, unafunga koki ya petroli, unaukata usukani mpaka mwisho, unaipa pikipiki mgongo, unachuchumaa na kushika usukani kwa mkono mmoja na keria kwa mwingine, kisha unasukuma kwa miguu ukirudi kinyumenyume. Mgongo wenyewe usiutumie kuinulia.

Niondoke saa ngapi, na nibebe maji kiasi gani?

Ondoka kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mara tu unapoweza kuona barabara bila taa. Maji yawe lita nne au tano, nusu yake mwilini mwako kwenye begi na nusu kwenye keria, kwani mzigo unaweza kudondoka usisikie. Jipangie pia saa ya kugeuza. Kwangu ni saa saba mchana: nikiwa sijafika nusu ya njia ifikapo saa hiyo, narudi nilikotoka, hata kama mbele panaonekana pazuri. Jua letu huzama saa kumi na mbili na ushee, na baada ya hapo ng'ombe wanaorudi zizini, mashimo na vumbi la lori lililokutangulia havionekani tena.

Nikipata pancha porini, nami si fundi? (Msomaji wa Area C)

Jifunze nyumbani kwanza, uani, kwa kuvua gurudumu la nyuma mara mbili ukitazama saa. Beba tyubu mpya, viraka na gundi, vyuma viwili vya kubandulia tairi, spana ya ekseli na pampu. Pikipiki nyingi za aina ya Boxer zina rimu za inchi 17 mbele na nyuma, hivyo tyubu ya mbele huweza kukufikisha nyumbani ikiwekwa nyuma.

Siri ya kazi yenyewe ni moja: upande mmoja wa tairi ukishauachanisha, ukanyage kwa goti uzame katika bonde la katikati ya rimu, ndipo sehemu ya mkabala, unapotia vyuma, ipate nafasi ya kutoka. Anayetumia nguvu bila kufanya hivyo huitoboa tyubu mpya kwa vyuma vyake mwenyewe. Kabla ya kurudisha chochote, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi, mzunguko mzima, kwa kuwa mwiba wa mgunga uliovunjikia ndani hauonekani kwa macho, na usipoutoa utaziba pancha ileile mara mbili.

Kuna ubaya gani kwenda mwezi wa pili?

Ubaya ni udongo mweusi wa mbuga, ambao ukilowa hujaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, na makorongo ambayo huweza kuteremsha maji ya mvua iliyonyesha mbali huku juu yako anga ni jeupe. Maji yanayokwenda kwa kasi yakifika magotini, zima pikipiki, kaa kivulini na usubiri. Subiri Juni.

Mimi ni mwanamke, nasafiri peke yangu. Nikipotea niulize nani?

Simama dukani au kwenye mashine ya kusaga, mahali penye watu wengi, vua kofia ngumu ili uso wako uonekane, na usalimie kabla ya kuuliza. Ukianza na "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, mara nyingi utaletewa kigoda. Ukitafuta kijiji cha Rudi, kwa mfano, usiulize "hii ndiyo njia ya Rudi?", kwa sababu adabu itamfanya mtu akubali. Uliza "njia ya Rudi ni ipi?", kisha umuulize wa pili mbele kidogo. Na ukiambiwa "ni hapo tu", ongeza saa nzima.

Mume wangu hataki niende bila mwenzangu. Nimwambie nini?

Ana hoja, dada yangu, na ahadi haitamtuliza. Mwandikie kwenye karatasi majina ya vijiji kwa mpangilio, saa unayotarajia kufika kila kimoja na saa yako ya kugeuza. Mtumie ujumbe Mpwapwa, Kibakwe na Chipogolo, kwani katikati mtandao hukatika. Mkubaliane kwamba ifikapo saa mbili usiku bila habari, atapiga simu kwa mtu fulani mnayemfahamu Mpwapwa, ambaye wewe umekwisha kuzungumza naye kabla ya safari. Karatasi hiyo ibandikwe mlangoni, na usibadilishe njia ukiwa barabarani.