Maswali ya Wasomaji: Kupoza Woti ya Moto na Kuihifadhi

SWALI: Ndugu Mhariri, hutengeneza bia ya shayiri nyumbani kwa matumizi yangu na jamaa zangu, lita 20 kwa mpiko mmoja. Hapa kwetu maji yana mgawo, na koili ya shaba (bomba lililoviringwa la kupitishia maji baridi) niliyonunua kwa ajili ya kupozea inamaliza pipa zima kabla sufuria haijapoa. Nimesikia kwamba wapikaji wa nyumbani wa Australia hawahangaiki kupoza: huimimina woti ikiwa moto ndani ya dumu la plastiki, hulifunga, kisha huliacha mpaka kesho yake au hata mpaka mwezi ujao. Je, njia hiyo ni salama? Na dumu la mafuta ya kula linafaa? — Msomaji, Arusha.

JIBU: Ulilosikia ni kweli, lakini ndani yake mna mambo mawili ambayo yafaa yatenganishwe. La kwanza ni kuiacha woti, yaani maji matamu ya kimea yaliyokwisha kuchemshwa na hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu), ipoe yenyewe ndani ya dumu lililofungwa. La pili ni kuiweka humo kwa wiki au miezi bila kuitia chachu. La kwanza ninalipendekeza bila kusita kwa mtu mwenye shida ya maji. La pili silipendekezi hata kidogo, ingawa wako wanaolifanya na kujisifia.

Nianze na lile jema. Australia ni nchi yenye ukame wa mara kwa mara, na huko koili ya kupozea lita 20 inayomaliza lita 100 za maji au zaidi ilionekana kuwa ni anasa. Wapikaji wakageukia madumu ya mraba ya plastiki nene, na maduka ya vifaa vya pombe huko huuza hata woti iliyopikwa kiwandani ikiwa imefungwa katika madumu ya namna hiyo. Siri yake ni joto lenyewe. Woti inayoingia dumuni ikiwa na zaidi ya nyuzi 80 huua chachu za mwituni na bakteria wa kawaida waharibuo bia waliobaki kwenye kuta za chombo, mradi chombo kiwe kimeoshwa vizuri kwanza, kwa maana uchafu ulioganda huwakinga vijidudu na joto.

Utaratibu wake ni huu. Ukizima moto, koroga woti kwa mzunguko, ufunike sufuria, uiache itulie kwa dakika 10 hadi 15 ili mashapo ya hopsi na protini yakusanyike katikati. Weka dumu sakafuni, chini ya koki ya sufuria, kabla ya kuanza kumimina, na usijaribu kamwe kuinua sufuria yenyewe: kilo 20 za maji yanayokaribia kuchemka, yaliyojaa sukari inayonata kwenye ngozi, si jambo la kufanyia mzaha. Tumia mpira wa silikoni unaostahimili joto, uufikishe chini kabisa ya dumu ili woti isirukeruke, na ujaze mpaka mdomoni. Kisha libane dumu ubavuni kwa mikono yenye glavu hadi hewa iliyobaki itoke na woti ifike ukingoni, ndipo ufunge kizibo. Baada ya hapo lilaze dumu ubavu, dakika 10 upande huu na dakika 10 upande wa pili, kisha lisimamishe juu chini kwa muda kama huo, ili woti ya moto iguse kizibo, shingo na tundu la mpini. Hatua hii ya mwisho ndiyo ambayo wengi huiruka, na ndiko ukungu unakoanzia. Woti ikipoa husinyaa, na utaona kuta za dumu zimebonyea kwa ndani. Hiyo ni dalili njema kwamba kizibo hakivuji.

Kuhusu dumu la mafuta ya kula, jibu langu ni hapana. Plastiki yake mara nyingi ni ya aina inayofaa, ile yenye namba 2 ndani ya pembetatu kwenye kitako, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 120. Tatizo ni mafuta. Hayatoki yote kwa sabuni, na kiasi kidogo tu kinatosha kuua povu la bia, mbali na harufu ya mafuta yaliyochacha ambayo joto litaifukua upya. Nunua dumu jipya, nene, lililotengenezwa kwa ajili ya chakula. Chupa kubwa za maji ya kunywa zenye namba 1 hulegea na kujikunja kwa woti ya moto, na chupa ya kioo inaweza kupasuka mikononi mwako. Dumu lililowahi kubeba petroli au dawa ya mimea halizungumziwi.

Sasa lile la kuhifadhi. Woti iliyofungwa dumuni bila chachu ina sukari tele, haina hewa, haina pombe, na asidi yake ni ndogo: pH yake (kipimo cha asidi, ambacho hushuka kadiri asidi inavyozidi) huwa kati ya 5 na 5.5 hivi. Hayo yote kwa pamoja ndiyo mazingira anayoyapenda bakteria aitwaye Clostridium botulinum, ambaye spora zake, yaani mbegu zake ngumu zilizolala, hazifi kwa kuchemshwa. Kuziua kunahitaji nyuzi 121 kwa dakika kadhaa, joto ambalo sufuria ya kawaida haifiki; na kwenu Arusha, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi 95 tu. Spora zikiamka katika joto la chumbani hutoa sumu inayopooza misuli, hata ile ya kupumulia. Katika bia iliyokwisha kuchacha hatari hii haipo kwa sababu chachu hushusha pH chini ya 4.6, mpaka ambao bakteria huyo hauvuki, na kuongeza pombe juu yake. Kwa hiyo chachu ndiyo mlinzi wa woti, na kila siku unayoichelewesha ni siku ambayo chombo hakina mlinzi.

Utaambiwa kwamba fulani aliweka dumu lake nusu mwaka na hakuna aliyeugua. Huenda ni kweli, na hopsi nazo huwazuia kiasi bakteria wa kundi hilo, lakini sumu hiyo haina ladha wala harufu ya kukuonya, na mimi siwezi kumshauri mtu aweke maisha ya jamaa zake juu ya bahati. Pika jioni, acha dumu lilale usiku kucha, kisha utie chachu kesho yake mara joto likishuka hadi kiwango kinachotakiwa na chachu yako. Ikiwa safari au msiba umekuzuia, liweke dumu kwenye friji chini ya nyuzi 4 kwa siku chache, au uigandishe woti katika friza, ukiacha nafasi ya kutanuka. Dumu lililosahauliwa stoo kwa wiki kadhaa, hasa likiwa limevimba, limwage bila kuonja.

SWALI: Mimi tayari hutumia njia ya dumu hapa Nairobi, na sina malalamiko kuhusu usafi. Ila bia yangu imekuwa chungu kuliko zamani ilhali hopsi ni zilezile, na ile harufu ya maua na machungwa niliyokuwa nikiipata imefifia. Nimekosea wapi? — Msomaji, Nairobi.

JIBU: Hujakosea katika upishi; umetumia ratiba ya hopsi iliyoandikwa kwa ajili ya mtu anayepoza haraka. Uchungu wa bia hutokana na asidi za hopsi kubadilika umbo kwa joto, na mabadiliko hayo hayakomi unapozima jiko. Kwenye nyuzi 90 yanaendelea kwa kasi inayokaribia nusu ya ile ya nyuzi 100, na kwenye nyuzi 80 bado yapo, japo kwa udhaifu. Woti iliyopozwa kwa koili huvuka eneo hilo kwa dakika chache, lakini ndani ya dumu lililofungwa hukaa humo muda mrefu, na hopsi ulizotia dakika ya mwisho kwa ajili ya harufu huendelea kupikwa. Mafuta yake ya manukato hupotea, na mahali pake panaingia uchungu ambao hukuuomba.

Kanuni ambayo wapikaji wengi huifuata ni kuhesabu kwamba dumu linaongeza dakika 15 hadi 20 kwa kila hopsi. Hopsi zinazotakiwa kuchemka dakika 60 zitie zikiwa zimebaki dakika 40. Zinazotakiwa dakika 20 zitie unapozima moto. Za dakika 10 na kushuka usizitie sufuriani kabisa. Hizo unaweza kuzitia kavu ndani ya bia inapomaliza kuchacha, lakini ladha itakayopatikana si sawasawa na ile ya hopsi zilizopita kwenye joto. Njia ninayoipenda zaidi ni ya kubakiza lita 2 za woti katika chombo kidogo, zikae kwenye friji usiku huo. Kesho yake, kabla ya kutia chachu, zichemshe upya pamoja na hopsi zako za harufu kwa dakika zilezile zilizoandikwa, uzipoze sufuria ikiwa ndani ya beseni la maji baridi, kisha uzichanganye na woti iliyobaki. Lita 2 hupoa upesi hata kwa maji ya bomba.

Kwa kuwa uko Nairobi, kuna jambo moja zaidi. Maji yenu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo uchungu hutoka polepole kuliko vitabu vinavyosema, na huenda ulikwisha kuzoea kuongeza kipimo cha hopsi bila kujua kwa nini. Ulipohamia kwenye dumu, nyongeza hiyo ikajumlishwa na zile dakika za ziada. Anza kwa kuipunguza.

Tena, ikiwa unatumia kimea cheupe sana cha aina ya pilsner, chemsha kwa dakika 90 sufuria ikiwa wazi. Kimea hicho huwa na kiasi kikubwa cha kiini kinachogeuka, kwa joto, kuwa gesi ya salfa yenye harufu ya mahindi yaliyochemshwa. Katika sufuria wazi gesi hiyo hutoka na mvuke; katika dumu haina pa kutokea.

SWALI: Ninaishi Mombasa. Nina koili nzuri, maji yapo, lakini woti yangu haishuki chini ya nyuzi 30 hata nikiacha maji yatiririke kutwa. Je, ninunue barafu? — Msomaji, Mombasa.

JIBU: Koili haiwezi kuifanya woti iwe baridi kuliko maji yanayopita ndani yake, na maji ya mabomba ya pwani huwa na nyuzi 28 au zaidi. Nunua barafu, lakini uitumie mwishoni tu. Kuzishusha lita 20 kutoka nyuzi 95 hadi 20 kwa barafu peke yake kunahitaji, kwa hesabu ya karatasi, kilo 15. Kuzishusha kutoka nyuzi 28 hadi 20 kunahitaji kilo 2 tu. Uhalisia una upotevu, basi chukua kilo 5. Acha maji ya bomba yafanye kazi ile kubwa kwanza, ukiyakinga yale ya moto ya mwanzo kwa kuoshea vyombo, na sufuria ikishakuwa vuguvugu, iketishe ndani ya karai la maji na barafu huku ukiikoroga woti taratibu kwa mwiko uliochemshwa. Usitie barafu ya dukani ndani ya woti yenyewe, kwani hujui maji yake yalitoka wapi.

Au achana na barafu kabisa, utafute chachu ya Norway iitwayo kveik, ambayo wakulima wa huko wameitunza kwa vizazi na huchacha vizuri kati ya nyuzi 30 na 40, ambapo chachu nyingi za kawaida zingetoa harufu kali ya rangi ya kupaka. Kwa mtu wa Mombasa au Dar es Salaam naiona kuwa ndiyo suluhisho la akili zaidi, maana ukishafikisha nyuzi 35 kazi ya kupoza imekwisha. Itikise woti vizuri ikiwa imekwisha kupoa, ndipo utie chachu yako, kwa sababu woti ya moto haishiki oksijeni, na chachu inaihitaji mwanzoni ili izaane.

SWALI: Nilisoma kwamba Wabelgiji huiacha woti wazi usiku kucha katika sinia kubwa. Mbona sisi tunahangaika na mabomba na madumu? — Msomaji, Moshi.

JIBU: Wanaofanya hivyo ni watengenezaji wa bia kali ya Kibelgiji iitwayo lambiki, katika bonde la mto Senne karibu na Brussels, nao hufanya hivyo katika miezi ya baridi tu, takribani kuanzia Oktoba hadi Aprili, kwa sababu usiku wa joto huleta bakteria wabaya wengi mno. Nia yao si kupoza peke yake. Wanataka vijidudu vya hewani viingie, na baada ya hapo bia hukaa kwenye mapipa ya mbao mwaka 1 hadi 3 ndipo ukali wake utulie. Ninyi wa Moshi mnayo mbege, ambayo uchachu wake unatarajiwa na hunywewa ikiwa changa. Lakini bia ya shayiri unayotaka iwe safi na ikae chupani miezi 2 au 3, ikilala wazi jikoni usiku mmoja, kuna uwezekano mkubwa itaamka na wageni wa aina ya bakteria wa maziwa mgando kabla chachu yako haijafika. Ikiwa huna koili wala dumu, funika sufuria kwa kifuniko chake kilichochemshwa, izungushie ukingo wake karatasi ya alumini, uiketishe katika karai la maji unayoyabadilisha mara 3 au 4, na utie chachu usiku huohuo.