Uliza Ujibiwe: Walakota, manyoya ya tai na ile pesa waliyoikataa

Toleo lililopita niliwagusia Walakota, watu wa asili wa Marekani, wale wa kina Sitting Bull na Crazy Horse, viongozi wao mashuhuri wa zamani, nikaandika mistari michache tu nikidhani yamekwisha. Kumbe! Simu haijapumzika. Nimechagua maswali matano, mengine nisameheni.

*Bibi, mimi nafanya kazi hotelini Paje. Kuna mgeni kaja na kikundi chake cha yoga anataka tumjengee kibanda cha mvuke ufukweni, anasema ni ibada ya Kilakota na kila mtu atamlipa dola 150. Ibada hiyo ipo kweli? — Mfanyakazi, Paje*

Ipo, inaitwa inipi. Wanapinda fito wanafanya kibanda kifupi, wanakifunika mablanketi (zamani ngozi za nyati wa kwao) mpaka ndani kiza totoro, kisha mawe yaliyopikwa motoni yakawa mekundu yanaingizwa mojamoja kwenye shimo la katikati, yanamwagiwa maji, na watu wamekaa chini wameuzunguka huo mvuke wanaimba na kuomba. Mlango unafunguliwa, watu wanavuta pumzi, unafungwa tena, raundi nne. Ni ibada ya kujitakasa.

Sasa hiyo dola 150 ndio inayonitia wasiwasi. Wazee wa Kilakota wanasema waziwazi ibada haiuzwi, na 1993 walitoa tamko kali kabisa, wakaliita tangazo la vita, dhidi ya watu wanaoifanyia biashara dini yao. Na uelewe wana uchungu gani, maana tangu 1883 serikali ya Marekani iliwapiga marufuku ngoma yao ya jua na kazi za waganga wao, ukikamatwa unanyimwa posho ya chakula au unatiwa ndani, watu wakawa wanafanya kwa kujificha, sheria ya kuwalindia dini yao imekuja 1978 tu juzijuzi. Halafu mtu anatoka huko anakuja kuiuza Paje!

Tena kuna la usalama. 2009 huko Sedona, Arizona, mhamasishaji mmoja asiye Mlakota aliwaingiza wateja wake kwenye kibanda cha namna hiyo, joto likawazidi, watu 3 wakafa na yeye akaenda jela. Mwambie meneja wako hayo kabla hamjakata hata ufito mmoja. Na joto la Paje mwezi wa pili kwani halimtoshi?

*Hivi bado wanaishi kwenye mahema na kupanda farasi? — Msomaji, Wete*

Hapana yakhe. Wana nyumba, trela, pikapu, na simu kama yako. Hema la tipi unaliona kwenye sherehe, la turubai, farasi wanafuga kwa mapenzi. Wengi wako kwenye maeneo waliyotengewa, Pine Ridge, Rosebud, Standing Rock, Cheyenne River, huko Dakota Kusini na Kaskazini, wana mabaraza yao, polisi wao, mahakama zao na vyuo vyao. Umasikini upo, hasa Pine Ridge, hilo sikufichi.

*Binamu yangu kazaliwa Marekani, kapima DNA kaambiwa ana asilimia 3 ya watu wa asili. Sasa kwenye profaili yake kajiandika Mlakota na kajipa na jina. Sawa hiyo? — Kijana, Kikwajuni*

Sio sawa, mwambie afute. Kipimo cha mate kinaweza kukwambia una chembe ya watu wa bara lile, hakikwambii wewe ni Oglala au Hunkpapa, hayo ni matawi ya Walakota. Nani ni raia wa kabila anaamua kabila lenyewe, wana daftari lao, wanaangalia wazazi na mababu zako kama wamo, kwengine na kiwango cha damu pia kinahesabiwa, yaani sehemu gani ya mababu zako ni wa kabila.

Lakini hata daftari ni upande mmoja. Mtu akija Makunduchi akasema yeye wa Makunduchi si ataulizwa wewe mtoto wa nani? Basi na huko hivyohivyo, wanauliza tiyospaye yako ipi, yaani ukoo, jamaa zako nani. Na ujamaa wao utaupenda. Ami yako kwao haitwi ami, ni ate, baba kabisa, sawa na aliyekuzaa, na khalati yako ni ina, mama. Mjomba na shangazi ndio wenye majina yao mbali. Mashemeji wanataniana bila breki, ila mtu na mama mkwe wake zamani hawasemezani wala kutazamana usoni, heshima hiyo! Na mgeni anaweza kufanywa ndugu, ipo ibada yake ya hunka, ukishafanyiwa unabeba majukumu ya undugu mazima, msiba wao wako, njaa yao yako. Lakini unafanyiwa na watu, hujifanyii mwenyewe sebuleni na kipimo chako cha mate.

*Mwanangu ana maonesho ya skuli, anataka nimshonee kofia ya manyoya ya Walakota. Nitawakosea? — Mama, Chake Chake*

Mshonee kitu chengine shoga. Zile kofia hazikuwa pambo, unyoya ulitolewa kwa tendo la ushujaa na kila mmoja una habari yake. Mpaka leo mwanajeshi akirudi vitani anaweza kutunukiwa unyoya wa tai, na ukianguka mmoja uwanjani kwenye ngoma, ngoma inasimama mpaka uokotwe kwa taratibu zake. Kwa sheria ya Marekani hata kuwa nao huruhusiwi ovyo, wao wenyewe wanaandika maombi kwenye ghala la serikali kule Colorado linalokusanya tai waliokufa, na foleni ni ndefu.

Mpe mtoto kazi nyengine nzuri zaidi: achore kalenda yao. Walikuwa wanachukua ngozi ya nyati, kila mwaka wazee wanakubaliana tukio moja, linachorwa picha moja, miaka inazunguka kama konokono. Mwaka wa 1833, kwa mfano, karibu kalenda zote zina nyota zinazoanguka, kwa sababu Novemba ile vimondo vilimiminika angani usiku kucha. Karatasi ya kaki na kalamu za rangi, basi, na achore miaka ya Pemba yenu.

*Nimesikia walipewa mamilioni ya dola kwa ardhi yao wakakataa. Hawa wana akili? — Mzee, Mkoani*

Shikamoo mzee wangu. Wanazo tele. Mkataba wa Fort Laramie wa 1868 uliwaachia vilima vya Black Hills, wenyewe wanaviita Paha Sapa na ni patakatifu kwao. 1874 dhahabu ikaonekana, wachimbaji wakavamia, 1876 Walakota na wenzao wakampiga Custer, kamanda wa jeshi la Marekani, pale Little Bighorn, na 1877 Bunge la Marekani likavichukua vilima kwa sheria. Wakashitaki miaka na miaka, mpaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema kweli mlidhulumiwa, chukueni fidia, kama dola milioni 106. Wakasema hatukuuza, tunataka vilima. Pesa zipo tu kwenye hazina ya serikali, zinazaa riba, zimeshapita bilioni 1, na wapo wachache miongoni mwao wanaosema tuchukue tugawane, lakini mabaraza yao yamegoma. Na huko vilimani ndiko zilikochongwa zile sura nne za marais, Mount Rushmore, kwa hiyo serikali nayo haina haraka ya kurudisha.