Kwa mnaoanza kukimbia na mabinti huku Mbeya, someni hii kwanza

Wadogo zangu mliojitolea kufundisha mabinti kukimbia, naona wengi mnakuja na filimbi na saa ya mkononi, mnauliza binti wa miaka 12 anatakiwa amalize mita 800 kwa dakika ngapi. Hiyo saa iwekeni mfukoni kwanza. Akitokea Magdalena Shauri mwingine, yule aliyeshika nafasi ya tatu kwenye marathoni ya Berlin mwaka 2023 kwa saa 2:18:41, tutashukuru sana, na mashindano ya shule za msingi na sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA, yapo ya kumpeleka, ila sisi tunamtaka binti anayeweza kusema anachotaka na akasikika.

Mtakachopambana nacho mapema ni mchakamchaka. Wote tumepita huko, asubuhi na baridi ya mwezi wa saba, mmoja anaimbisha wengine mnaitikia na wa mwisho anasubiriwa na fimbo, kwa hiyo binti ukimwambia kukimbia yeye anajua ni adhabu au ni kumfuata aliye mbele. Usipomtoa huko utapata kundi linalokimbia vizuri tu lakini likiulizwa kitu linaangalia chini. Nyimbo msiziache jamani, nyimbo ni tamu, ila waimbishe kwa zamu na maneno watunge wenyewe.

Sasa hapa ndo penyewe. Kabla ya kuanza simameni duara, kila mmoja aseme leo anakimbia mizunguko mingapi, na aseme kwa mdomo wake. Mwanzoni atanong'ona kiganja kikiwa mdomoni, au atasema "kama yeye", basi mnasubiri, hamumkemei wala hamumsemei, mnasubiri tu mpaka atamke namba. Akisema miwili ni miwili, akiimaliza amemaliza, apigiwe makofi sawasawa na aliyekimbia kumi. Siku zinaenda, huyo huyo wa miwili anakuja kusema mitano na kiganja hakipo tena mdomoni, na binti aliyezoea kutamka neno lake uwanjani na kulitimiza ndo huyo atakayenyoosha mkono darasani kusema hesabu hajaelewa, na ndo huyo atakayemwambia jamaa wa bodaboda anayempa lifti ya bure kila jioni kwamba hapana, sitaki.

Spidi iwe ya kuongea. Huku tuko juu, mita kama 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa nyepesi, wewe uliyetoka Dar juzi utahema kabla yao kwa hiyo usione aibu kwenda mdogomdogo. Binti akishindwa kumaliza sentensi punguzeni mwendo. Wapange wawili wawili, kila jozi ipewe swali la kwenda nalo, mfano rafiki akikusema vibaya unafanyaje, au hela ya daftari imepungua baba unamwambiaje. Wanaokimbia bega kwa bega hawatazamani machoni, na kiukweli yanatoka maneno ambayo ukimkalisha ofisini huyapati hata siku moja.

Vifaa visiwasumbue, raba za mtumba za pale Mwanjelwa zinatosha, angalieni tu zisimpwaye akatoka malengelenge. Ukiona binti anakimbia mkono mmoja umeshikilia sketi, usiseme mvivu, huyo hana taitsi ya kuvaa ndani. Na anayekosa siku kadhaa kila mwezi, muulizeni matroni taratibu kama taulo za kike anazo.

Wazazi wafuateni nyumbani kwao kabla hamjaanza, siyo kutuma karatasi. Mama wa Uyole anamtegemea binti jioni kwa maji, kwa mboga, kwa mdogo wake wa mgongoni, ukimchukua saa kumi mpaka saa kumi na mbili umemwondolea msaidizi. Salimia, kaa, chai ukikaribishwa kunywa, halafu siku mpange naye. Siku ya kilomita tano mwisho wa msimu mwite aje atembee nao hata na kanga yake, wanakuja hao, na wakija binti zao hawakosi tena mazoezi.

La mwisho ni zito. Ukikimbia nao muda mrefu kuna siku mmoja atakwambia jambo la nyumbani au la njiani ambalo hajawahi kumwambia mtu. Usimwahidi kwamba itabaki siri. Mwambie umemsikia, siyo kosa lake, na kuna watu kazi yao ni kusaidia: afisa ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto pale polisi, na simu ya mtoto namba 116 ambayo ni bure. Usimtume peke yake, nenda naye, au aende na mtu mzima anayemwamini yeye mwenyewe. Hao watu wafahamu na uwe na namba zao kabla ya zoezi la kwanza, isije ikawa mtoto ameshafungua mdomo ndo na wewe unaanza kuuliza ofisi iko wapi.