Mwanangu, umeniuliza habari ya kazi

Mwanangu mpenzi,

Waaleikum salaam. Sisi huku Ujiji tu wazima, bibi yako magoti tu ndiyo yanamsumbua. Barua yako nimeisoma usiku, nikairudia baada ya sala ya alfajiri. Unauliza uache utafiti wa bakteria wa kipindupindu uende kwenye kampuni ya vifaa vya maabara huko Dar, yenye mshahara mzuri na gari, au uendelee kungoja fedha za utafiti ambazo leo zipo kesho hazipo.

Nami nikuulize: ni mshahara kweli, au ni lile neno la ukumbini kule Mwanga? Maana tangu sendofu ya binti wa shangazi yako sijakusikia ukitaja kazi yako mbele ya ndugu. Mzee yule alishika maiki akakutambulisha kwa wakwe: "Huyu naye kasoma sana, ila kasomea mavi." Ukumbi mzima ukacheka. Ukacheka nao, macho kwenye sahani. Mimi sikucheka. Mpaka leo nikikutana naye msibani namwamkia kwa ajili ya umri wake tu.

Nilitaka kusimama, baba yako akanishika mkono, akasema hapa si mahali pake. Pengine kweli, shughuli ilikuwa ya mtoto wa watu. Lakini basi mahali pake ni wapi?

Aibu ya tumbo inaua. Nilikwambia ukiwa mdogo na nakwambia tena. Mtu akivunjika mguu, mtaa mzima unajua. Akiharisha anajifungia ndani, anasema ni malaria, mpaka macho yamezama na ngozi ukiifinya hairudi. Unaikumbuka Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walipojazana Kagunga, kijiji kile kidogo, kipindupindu kikapata watu zaidi ya 3,000. Meli ya Liemba ikawaleta mamia kwa mamia, tukawapokea uwanja wa Lake Tanganyika kabla hawajapanda mabasi ya kwenda kambi ya Nyarugusu. Wewe ndiye uliyekuwa ukiniwekea maji ya kuoga uani, nikirudi nanuka klorini. Pale uwanjani palikuwa na mama akizificha kanga za mwanawe chini ya mkeka, zimelowa maji meupe kama ya kuoshea mchele. Anaona haya, na mtoto anamwishia mkononi! Mapigo niliyatafuta kwenye mkono wa yule mtoto nisiyapate. Tukamtundikia dripu, halafu ORS, yale maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko. Jioni akaomba ndizi. Mama yake akanishukuru mimi, na mimi nilishika kijiko tu.

Waliokitia dawa kijiko kile ni hao wanaochekwa. Wewe mwenyewe ulinieleza, umekaa kwenye kigoda jikoni. Daktari Mjerumani Robert Koch alimtambua bakteria huyo Kolkata, India, mwaka 1884, lakini namna anavyoua haikueleweka mpaka 1959, pale Sambhu Nath De, wa mji huohuo, alipochukua maji waliyooteshewa bakteria, akawachuja wote, maji matupu akayatia kwenye utumbo wa sungura. Utumbo ukafura kwa maji. Kumbe ni sumu yao, ndiyo inayoufanya utumbo umwage chumvi na maji. Ila njia ya sukari inabaki nzima: sukari ikiingia huivuta chumvi, na maji yakafuata. Mwaka 1971 daktari Dilip Mahalanabis, kwenye kambi ya wakimbizi Bangaon, India, dripu zikipungua, aliwanywesha wagonjwa chumvi na sukari. Kambini walikuwa wakifa kama 30 katika kila 100, kwa waliokunywa wakawa chini ya 4. Na wale nao walikuwa wakimbizi, mwanangu. Kama wetu.

Utasema, Mama, hao ni wakubwa, mimi nahesabu bakteria kwenye visahani na mkataba unakaribia kwisha. Ni kweli. Na ada ya mdogo wako hailipwi kwa sifa. Kampuni nayo si dhambi, maabara bila vifaa ni chumba tu. Mtu anaweza kuuza darubini akawafaa watu wengi. Nakubali. Lakini mvua zikinyesha, vyoo vikafurika kuelekea ziwani, na watoto wa Kibirizi na Katonga wakachota palepale, nani atayapima maji yale akijua anachokitafuta? Haya, wapo wengine. Wangapi lakini? Na wangapi wamezaliwa hapa?

Uamuzi sitoi. Ulimi unaniwasha, lakini baba yako ameniapisha nikuache uamue mwenyewe, na nimeapa.

Nijibu tu swali langu. Kama ni lile neno la Mwanga, niandikie wazi, maana hilo nina la kulisema na nina mtu wa kumwambia. Kama ni mshahara, sema pia bila kuona haya. Mawese ya mwaka huu yametoka vizuri, na baba yako anasema anaweza kukushikilia miezi kadhaa mpaka mkataba mwingine upatikane.

Mama yako