Muulize Mwalimu: Majani na povu la kusi, ni uchafu huu?

SWALI: Assalaam alaykum Mwalimu. Mie nalima mwani hapa Jambiani, mwaka wa tisa huu. Kusi likianza tu bahari inatutupia majani pwani rundo kwa rundo, yanaoza, yananuka yai viza, na povu jeupe kama la sabuni linakaa ukingoni kutwa. Mume wangu anasema kuna meli inamwaga uchafu, jirani anasema ni mahoteli. Kaskazi wala hatuyaoni kwa wingi huo. Ni nini hasa, na tuyatoe au tuyaache?
Mkulima wa mwani, Jambiani

JIBU: Waalaykum salaam dada yangu. Umeuliza jambo linaloniuma, maana kila mwaka naona watu wanayakusanya yale majani wanayatia moto.

Si meli hiyo. Yale ni majani ya bahari yenyewe, yale marefu kama mikanda unayoyakanyaga maji yakitoka ukenda kwenye kamba zako. Yanakatika mwaka mzima, ila kusi ndo linapiga upande wenu wa mashariki kwa nguvu, mawimbi yanang'oa na kusukuma kila kitu ufukweni. Kaskazi upepo mwepesi zaidi, mengi yanayokatika yanabaki kule kule chini au yanachukuliwa nje.

Na yale unayoyaona ni sehemu ndogo tu. Jani likilala majini linatoa utomvu wake kama majani ya chai kwenye kikombe, na vijimea vidogo vinavyoelea, ambavyo jicho halivioni, navyo vikiwa hai vinatoa, vikifa vinatoa zaidi, kwa hiyo mabaki mengi ya viumbe baharini hayapo kama rundo, yameyeyuka ndani ya maji. Dunia nzima inakadiriwa kaboni, ile iliyojenga miili ya viumbe, iliyoyeyuka hivyo ni kama tani bilioni 660, haiko mbali na ile iliyomo hewani! Bakteria wanakula hiyo, wadudu wadogo wanakula bakteria, samaki wachanga wanakula wadudu, mpaka inafika kwenye dema la mtu. Povu lako ndo linatoka humo humo, maana ndani ya utomvu ule mna vitu kama ute wa yai, na mawimbi ya kusi yanaupiga kama unavyopiga mayai ya keki. Ila povu likiwa karibu na mdomo wa mtaro na linanuka choo, hilo jengine kabisa, watoto wasioge hapo.

Sasa majira. Mwezi wa tatu maji yetu yanafika nyuzi 29 mpaka 30, bahari imetulia, ya juu moto ya chini baridi na hayachanganyiki vizuri. Kwenye joto kila kitu kinaoza haraka, nawe unalijua hilo kwa mkono wako, si ndo wakati mwani wa kotonii unageuka mweupe unakatika kwenye taitai, vile vijikamba vya kufungia? Na vile vipande navyo vinayeyuka majini vile vile. Halafu masika, mito ya bara, Pangani, Wami na Ruvu, inajaa inamwaga udongo na majani ya bara baharini, na huku kwetu mvua inazama kwenye mawe ya matumbawe inatokea chini chini pwani. Kusi likishika, mkondo unaokwenda kaskazini unaongeza kasi, maji yanapoa mpaka nyuzi 25 au 26 na yanakorogwa juu chini, ndo hapo majani na povu mnayaona kwa wingi.

Kuhusu kutoa: msichome, na msiyatoe yote. Rundo lile linazuia mawimbi yasile mchanga, na vijikaa na ndege wanatafuta riziki humo. Harufu inatoka pale lilipokuwa nene halipati hewa, kwa hiyo pale mnapopita au mnapoanika mwani litandazeni jembamba. Ukitaka kidogo kwa shamba la mhogo, liache mvua ilioshe chumvi kwanza.

SWALI: Mwalimu, baada ya masika maji ya horini kwetu yanakuwa rangi ya chai. Kuna mtu katia sumu? Samaki wake wanalika?
Msomaji, Micheweni, Pemba

JIBU: Ndugu yangu, rangi peke yake isikutishe, ni mikoko hiyo. Gome la mkandaa wazee walitilia rangi, na majani yake yana rangi ile ile, yanadondoka, kaa wanayaburura mashimoni, mvua inasuuza, na yote yanatoka na maji ya bamvua. Pemba ina mahori mengi kuliko Unguja ndo maana mnaliona zaidi. Samaki wakiwa wazima wanaruka, kuleni. Mkiwaona wameelea wamekufa, hapo msiguse, piteni kwa sheha mara moja.