Barua kwa mwanangu: jeshi la Msumbiji na usiku

Bagamoyo

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imefika, nasi hapa nyumbani hatujambo. Unauliza kwa nini jeshi la FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, lililopigana na Mreno msituni tangu 1964 hadi 1974 likashinda, halikuweza kuwamaliza waasi wa RENAMO. Mjomba wako atakutajia Rhodesia na Afrika Kusini, zilizowasaidia waasi hao, wala hatakuwa amesema uongo. Mimi nakurudishia neno langu lile lile: mwenye usiku ndiye mwenye kijiji.

Baada ya uhuru wapiganaji wale, ambao vijana wao walikuwa na shule hapa hapa kwetu, waligeuzwa kuwa jeshi la vifaru vya Kirusi, tayari kumkabili adui atakayevuka mpaka. Aliyekuja alitembea kwa miguu, akachoma zahanati, akatoweka. Mwaka 1985 askari wa FRELIMO pamoja na Wazimbabwe waliiteka Casa Banana, ngome ya waasi kule Gorongosa, katikati ya Msumbiji, na miezi michache baadaye waasi wakaitwaa tena.

Mwaka 1987 sisi askari wa Tanzania tulipopelekwa Zambezia, mkoa wa Msumbiji, kazi yetu ilikuwa ulinzi. Jioni moja, tukirudi kambini kabla ya giza kama tulivyoamriwa, mtu mzima mmoja, mpiganaji wa zamani aliyefunzwa Nachingwea, kambi ya FRELIMO huku kwetu kusini, alinisimamisha. Alikuwa amekumbatia kibuyu cha mbegu za mahindi kilichozibwa kwa gunzi. Akasema kwa Kiswahili, “Afande, mchana ni wenu. Usiku huu nizifukie wapi?” Enzi za Mreno usiku ulikuwa wa wapiganaji kama yeye. Nilimpita bila kumjibu, na hadi leo swali lile linanichoma.

Hata hivyo najipinga mwenyewe: askari wa Msumbiji asiyelipwa, mwenye njaa, asiye na viatu, ungemwambiaje alale porini? Lakini mbona karibu na 1990, katika mkoa ule ule, wanakijiji wa kundi la Naparama waliomfuata Manuel António walivirudisha vijiji kwa mikuki, vijiji ambavyo jeshi lilikuwa limeviacha? Vita vyenyewe vilimalizwa mezani, Roma, tarehe 4 Oktoba 1992.

Ulimi unaniwasha kusema ni nani aliyepaswa kuubadili mpango ule wa jeshi mapema zaidi. Sikuwapo katika vikao vya Maputo, kwa hiyo nanyamaza, ingawa kwa shida. Ukiandika juu ya vita vile, mwanangu, anza na Zambezia kabla ya Gorongosa.

Baba yako